Sare nne mwaka huu, na binti yangu hana gauni

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Walukuba, Jinja. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu ni Msoga, mimi Msamia wa upande wa Busia, na nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana nayo hapa mtaani. Yeye anaendesha bodaboda. Mimi ninauza mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, ninaowachukua mwaloni Masese. Siku njema ninabaki na shilingi 15,000 baada ya kutoa mtaji. Siku mbaya ninarudi nao nyumbani kuwaanika upya.

Shida yangu ni nguo. Najua wapo watu wanaolala njaa, lakini nisikilize kwanza. Suruali ya mitumba ya mtoto, ile niliyokuwa nanunua kwa 5,000 kabla ya korona, sasa muuzaji ananitajia 12,000, na nikimwambia apunguze anageuka kumhudumia mwingine. Fundi wa barazani aliyekuwa anapunguza nguo kwa 1,000 sasa anataka 3,000. Anasema uzi umepanda, umeme umepanda. Na watoto hawangoji bei ishuke ndipo wakue. Huyu wangu wa kati alianza kuvaa kaptula moja mwezi wa pili, kufika mwezi wa sita haifungi.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, yuko P.7, darasa la mwisho la msingi, anafanya mtihani mwezi wa kumi na moja. Alikuwa anaimba kwaya ya watoto kanisani. Tangu mwezi wa nane kila Jumapili tumbo linamuuma. Nilimpeleka kliniki, wakasema hana kitu. Juzi nikamkuta anajaribu gauni lake mbele ya kile kioo kidogo cha baba yake, limembana kifuani mpaka mshono umeanza kuachia. Aliponiona akalivua haraka na kulia. Shangazi, mimi mama yake sikuwa nimeona kwamba mtoto amekua.

Sasa nieleze lililonifanya nikuandikie. Tuna nigiina yetu, wanawake kumi na wawili, tunapokezana kupeana zawadi na pesa. Ni kikundi kizuri, kilinisaidia nilipojifungua. Ila kila anayepokea anachagua kitenge, na wote tunashona sare. Mwaka huu nimeshashona nne, kila moja kitambaa 45,000 na ushonaji 30,000. Tena kulikuwa na shughuli mbili za lumbe, zile za kumaliza msiba, upande wa mume wangu, kila moja ikawa na fulana zenye picha ya marehemu, 20,000 kila fulana. Kwa watoto nimetumia 85,000 za yunifomu mbili, 30,000 za sweta, na mitumba ya kushindia kama 95,000. Mume wangu nilimnunulia jaketi la bodaboda, 35,000. Mimi mwenyewe nguo ya kazi sijanunua.

Mwezi wa kumi na mbili dada mdogo wa mume wangu ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba wake nyumbani. Mawifi wameamua kwamba wake wote wa ule ukoo tushone gomesi, yale magauni marefu ya shughuli, za rangi moja, na fundi amesema 180,000 kwa kila mtu. Nikikataa watasema huyu Msamia anatudharau. Nikikubali, lazima nikope tena. Nasema "tena" kwa sababu mume wangu hajui kwamba kwenye kikundi nimebakiza deni la 170,000, na kwenye simu nina mkopo wa 80,000 ambao kila nikiangalia umeongezeka. Hanipigi wala hanitukani. Akikasirika ananyamaza siku tatu, na hizo siku tatu mimi siziwezi.

Yeye anasema kinachotumaliza ni mitumba iliyopanda. Anasema pia tulisikia watu wakubwa wakitaka ipigwe marufuku kabisa, na wakifanya hivyo tutatembea uchi. Nifanye nini? Nikope mara hii ya mwisho, nipite kwenye kwanjula kwa heshima, halafu mwakani nianze kubana matumizi?

Mama wa watatu, Walukuba

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Umenirahisishia kazi kwa kuandika hesabu, jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi. Nimejumlisha hivi. Sare nne za nigiina ni 300,000. Fulana mbili za lumbe ni 40,000. Hapo ni 340,000. Watoto watatu kwa mwaka mzima wamevaa 210,000, na baba yao 35,000. Hapo ni 245,000. Wewe sifuri. Kwa hiyo katika kila shilingi kumi zilizotoka nyumbani kwako kwenda kwenye nguo mwaka huu, karibu sita zimenunua nguo ambazo mwili wa mtu yeyote haukuzihitaji. Zilidaiwa na watu. Ongeza hiyo gomesi, na nguo za kudaiwa zinafika 520,000.

Sisemi hivi kukuhukumu. Nilikuwa na kibanda Owino, lile soko la mitumba la Kampala, miaka mingi kabla sijarudi kwenye cherehani, na daftari langu la madeni lilinifundisha jambo hili mapema. Mama aliyekuja kununua sweta la mtoto alikuwa na pesa taslimu mkononi, alizihesabu noti kwa noti, akaomba nimpunguzie 500. Mama huyo huyo akirudi kutafuta nguo ya harusi, alisema, "Niandike, nitalipa mwisho wa mwezi." Ukurasa wa mwezi wa nane na ukurasa wa mwezi wa kumi na mbili ulijaa kuliko kurasa zote, maana ndiyo miezi ya sherehe. Aibu ya mtoto inaweza kungoja nyumbani, haina sauti. Aibu ya mbele za watu haingoji, ndiyo maana tunaikopea.

Lakini nisikuache ukafikiri kwamba mume wako anasema uongo kuhusu bei, kwa sababu hasemi uongo. Mitumba imepanda, nawe unastahili kujua kwa nini. Belo moja la kilo 45 linanunuliwa kwa dola. Linashuka Mombasa, linapanda lori mpaka Malaba au Busia, ndipo linafika Kampala na kwenu Jinja. Ushuru wa nguo zilizovaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35 ya thamani, au senti 40 za dola kwa kilo, inachukuliwa iliyo kubwa. Piga mwenyewe: kilo 45 mara senti 40 ni dola 18, ambazo ni zaidi ya shilingi 60,000 kabla hata kamba ya belo haijakatwa, na bado hujaweka kodi ya VAT ya asilimia 18. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda bei, nauli ya lori ilipanda, na bei iliyopanda kwenye kibanda huwa haina haraka ya kushuka. Halafu muuzaji halioni belo kwa ndani. Analinunua limefungwa. Akikuta nusu yake ni nguo nyepesi zinazochanika, ile nusu nzuri ndiyo inayolipia belo zima. Huyo aliyekugeuzia mgongo huenda siku hiyo alikuwa amefungua belo bovu.

Kuhusu marufuku, ndiyo, Rais Museveni alisema Mbale mwezi wa nane mwaka 2023, kwenye eneo la viwanda, kwamba mitumba ni nguo za wazungu waliokufa na kwamba ataipiga vita ili viwanda vya hapa vipate soko. Kabla ya hapo, mwaka 2016, marais wa Jumuiya walikuwa wamekubaliana kuiondoa taratibu, Marekani ikaja juu, na ni Rwanda iliyoshikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo mpaka ikapoteza nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Mimi ninatamani sana viwanda virudi. Wewe unaishi Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na wazee hapo kwenu watakusimulia kuhusu Nytil, kiwanda cha nguo kilichoanza miaka ya 1950 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kitambaa cha Jinja kilivaliwa nchi nzima. Siku kitakaporudi kwa bei ya mwananchi wa kawaida, mimi nitakuwa wa kwanza kununua jora. Lakini kwanjula yenu ni mwezi wa kumi na mbili na binti yako anahitaji gauni Jumapili hii, kwa hiyo turudi nyumbani kwako.

Unaniuliza kama ukope mara ya mwisho. Hapana, mwanangu. Usikope. Na hilo la "mwakani nianze kubana" liache kabisa, kwa sababu hapo kwako watoto wamebanwa tayari. Gauni lililombana binti yako kifuani ndiyo hiyo mwakani imeshafika.

Anza na mume wako, na uanze kabla ya mawifi. Nimefikiri sana kuhusu hili kwa sababu ninajua siku tatu za ukimya zinavyouma. Lakini tazama jinsi mambo yalivyo: hao mawifi ni dada zake. Wewe ukienda peke yako kukataa gomesi, ni Msamia anayekataa. Yeye akienda kusema "nyumba yangu haina 180,000", ni kaka yao anayesema. Hawezi kusema hivyo akiwa hajui kuhusu deni, na akilijua kupitia mtu wa kikundi ukimya wake hautakuwa wa siku tatu. Chagua jioni ambayo amerudi mapema na ameshakula. Usianze na mkopo. Mwonyeshe karatasi ile ile uliyoniandikia, hesabu yote, pamoja na jaketi lake. Aone kwamba hukujinunulia chochote. Halafu mwambie deni, yote mawili, usifiche hata shilingi 5,000, maana akija kugundua iliyobaki ataanza kuhesabu upya kila ulichowahi kumwambia. Malizia na binti. Mweleze ulivyomkuta kwenye kioo. Baba anayenyamazia deni anaweza asinyamazie hilo.

Akinyamaza, muache anyamaze. Wewe endelea kuweka chakula mezani na kuongea na watoto kama kawaida. Siku ya nne mtakuwa na deni lile lile, lakini mtalijua wawili.

Mkopo wa simu ulipeni kwanza, hata kama ni mdogo kuliko wa kikundi, kwa sababu huo ndio unaoongezeka ukiwa umelala. Kwa mhasibu wa kikundi nenda kabla ya siku ya kulipa, umwambie utatoa 20,000 kila wiki mbili, na uzitoe. Kikundi kinamvumilia anayekuja mwenyewe. Anayefuatwa hawamvumilii.

Sasa gomesi. Hapa nitakaa kidogo, maana gomesi ninaipenda na nimezishona nyingi. Gomesi inakula kama mita sita za kitambaa, ukiacha kikoi cha ndani na kitambaa cha kufunga kiunoni. Ndiyo maana ni ghali. Lakini mita sita hizo hizo ndizo zinazokuokoa: gomesi haishonwi kwa kubana mwili. Inazungushwa, inafungwa, inakazwa na kile kitambaa cha kiunoni. Gomesi ya mwanamke mmoja inamkaa jirani yake, hata kama mmoja ni mnene kuliko mwenzake. Hakuna nguo inayoazimika vizuri zaidi Uganda nzima. Mama zetu walijua hivyo. Kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama palikuwa na gomesi mbili nzuri kwenye sanduku la bati, na zilikwenda kwenye shughuli nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, kila mara zikiwa zimevaliwa na mwingine. Hakuna aliyeuliza ya nani. Na kumbuka masimulizi ya namna vazi lenyewe lilivyopata jina: fundi Mgoa aliyeitwa Gomes alilishona kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, mwanzoni mwa karne iliyopita. Lilikuwa nguo ya wanafunzi. Heshima tuliipa sisi kwa kulivaa kwenye shughuli zetu, na hatukuipa kwa sababu ya rangi mpya kila mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo nendeni wawili kwa wifi mkubwa, yule ambaye wengine wanamsikiliza. Msiende kwa bibi harusi, yeye ana mzigo wake. Nendeni mapema, sasa hivi, kabla kitambaa hakijanunuliwa, na msiende mikono mitupu. Beba mukene wako wazuri. Piga magoti umsalimie kama unavyomsalimia siku zote. Mume wako aseme: nyumba yetu itakuwepo, tutakuja kupika tangu siku ya kuamkia, mchango wetu tutatoa, lakini 180,000 ya gomesi hatuna kwa sababu mtoto anaingia sekondari. Halafu wewe utoe wazo: sare iwe kitambaa cha kiunoni. Kila mke avae gomesi aliyonayo au atakayoazima, na wote wafunge kiunoni rangi moja. Kwenye picha wataonekana wamoja, na kitambaa cha kiunoni ni sehemu ndogo tu ya gharama ya gomesi nzima. Nakuhakikishia kuna wake wengine kwenye ukoo huo wanaosali usiku mtu aseme hivyo. Watakushukuru jikoni, si mbele ya watu.

Wifi akikataa katakata, bado usikope. Peleka rangi waliyochagua kwa watu wanaokodisha gomesi, wako mjini, ukodi ya siku moja. Na wakisema maneno, yatasemwa. Mwanamke aliyekuwa jikoni tangu alfajiri akimenya ndizi na kukoroga mchuzi wa kuku wa wageni hasemwi muda mrefu. Nimehudhuria kwanjula nyingi mno, na watu wakirudi nyumbani wanaongea kuhusu chakula, kuhusu msemaji, na kuhusu nani hakufika.

Nigiina usiivunje. Kikundi kilichokushika mkono ukiwa na mtoto mchanga ni mali. Siku ya mkutano unaofuata, kabla mtu hajataja kitenge kipya, simama useme unaomba sare iwe moja kwa mwaka, wote kumi na wawili mwivae kwa kila anayepokea. Kama wanataka kila mwenye zamu awe na rangi yake, basi iwe kilemba. Kilemba hakili kitambaa kama sare nzima. Na hizo nne ulizonazo ndani, zivae. Vaa sokoni, vaa kanisani. Una hofu kwamba zitachakaa, lakini umezilipia 300,000 na unauza mukene na nguo iliyopauka. Moja kati yake, ile usiyoipenda sana, inaweza kumtolea binti yako sketi na kitu cha juu pia.

Nimefika kwa binti. Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye nataka ubaki naye kichwani.

Msichana wa miaka 13 anaogopa kuangaliwa, na anaogopa zaidi kuomba, kwa sababu anajua nyumbani hamna. Ndiyo maana tumbo linamuuma. Kabla ya gauni, mnunulie sidiria mbili. Mpya, si mitumba. Nguo za ndani nunua mpya kila mara, hata kama itabidi iwe moja moja. Mtoto aliyefungwa vizuri ndani, hata gauni la zamani linamkaa tofauti, na shingo yake inanyanyuka.

Halafu mitumba. Usikimbilie Owino kwa ajili ya gauni moja. Kutoka Jinja ni kilomita 80 hivi, na nauli ya taksi ya kwenda na kurudi ni gauni jingine. Owino nenda mara moja kwa mwaka, mkiwa wawili au watatu, mkiwa na orodha ya mwaka mzima. Mengine tafuta soko la mjini kwenu na kwenye magulio. Chukua uzi mnene, pima kila mtoto, ufunge fundo: fundo la kifua, la kiuno, la urefu wa mguu. Uzi wa kila mtoto uwe na rangi yake. Ukifika kibandani huhitaji kumvua mtoto mbele za watu wala kubahatisha. Mtoto anayekua mwongezee vidole viwili kila fundo. Kwa mume wako, suruali ikunje kiunoni uizungushe shingoni mwake: ncha zikikutana nyuma ya shingo, kiuno kitafunga.

Geuza nguo ndani nje kabla hujauliza bei. Tazama kwapani, tazama kati ya miguu, hapo ndipo nguo inapokufa kwanza. Inyanyue kwenye jua: ukiona mwanga unapita kwa nukta nukta kama chekecheke, irudishe, hata kama juu inang'aa. Tazama upindo. Gauni lenye upindo mpana ni magauni mawili, la mwaka huu na la mwakani. Zipu iliyokufa isikutishe, zipu inabadilishwa, ila itaje kwa sauti wakati wa kupatana. Kama huna uhakika wa kitambaa, chomoa uzi mmoja wa upindo uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, nailoni na wenzake wanayeyuka na kuganda kama shanga. Pamba ndiyo inayofaa kwa mtoto anayekimbia juani. Asubuhi ukiwahi unapata chaguo zuri kwa bei ngumu. Jioni, wakishaanza kumwaga chini na kuita lukumi lukumi, yaani elfu moja moja, bei ni nzuri lakini uwe na jicho. Mimi ningemwendea binti asubuhi, na hao wadogo jioni. Masweta nunua wakati wa jua kali, mwezi wa kwanza, usingoje mvua za mwezi wa tatu. Ukirudi nyumbani zifue zote, zianike, uzipige pasi hata kwenye mishono, maana kuna nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje na joto la pasi ndilo linalomaliza mayai yake.

Yunifomu ya huyo mdogo usingoje mwisho wa mwezi wa kwanza pamoja na nchi nzima. Mtihani wa P.7 ukiisha mwezi wa kumi na moja, kuna wazazi shuleni kwenu wenye yunifomu ambazo hazina mtu tena. Ongea nao sasa. Hata ya binti yako inaweza kupunguzwa ikamfaa mwingine, au ukabadilishana na mama mwenye ya saizi ndogo. Ya binti ya sekondari usishone mpaka ujue shule aliyopata. Weka pesa tu pembeni, hata 5,000 kila wiki, na mume wako ajue zilipo.

Sasa hesabu ya wiki hii. Tenga 40,000. Najua ni pesa nyingi kwako, lakini ni chini ya robo ya gomesi uliyokuwa tayari kuikopea. Mnunulie kwanza zile sidiria, na pesa inayobaki ndiyo ya gauni. Jumamosi muachie jirani mukene wako mpaka saa nne, uende sokoni na binti peke yake, bila hao wadogo. Mpe ule uzi wenye mafundo aushike yeye. Mwonyeshe mara moja namna ya kutazama kwapani na kunyanyua kwenye jua, kisha unyamaze. Atashika nguo ambazo wewe usingeshika. Atarudisha ile uliyoipenda. Mpe nafasi. Akishapata lake, apatane bei mwenyewe, wewe usimame nyuma yake hatua mbili.

Na Jumapili usimuulize kuhusu tumbo.

Shangazi